Kamera za Kijapani za Kukunja: Mwongozo kwa Mkusanyaji Aliyeko Uganda

Kamera ya kukunja ina kifuniko mbele. Ukibonyeza kitufe kinashuka, lenzi inatoka nje na mvukuto wake, ule mfuko wa mikunjo unaozuia mwanga, unapiga picha, kisha unarudisha kila kitu ndani na kamera nzima inaingia mfuko wa koti. Inatumia filamu pana ya 120, ile yenye karatasi mgongoni. Hata kamera ya aina hii inayopiga picha ndogo kabisa hutoa negativu inayokaribia mara tatu ya ile ya 35mm kwa ukubwa. Ukiikuza picha iliyopigwa vizuri, nyuzi za gomesi ya bibi harusi unaweza kuzihesabu.

Wajerumani walitangulia. Wajapani waliziangalia Ikonta na Super Ikonta za Zeiss Ikon, wakaiga, halafu wakaenda njia zao. Leo kamera zao nyingi bado zinapiga, na kwa pesa ya Super Ikonta moja nzuri mara nyingi unapata ya Kijapani iliyo na hali bora zaidi.

Mkusanyaji aliyeko Uganda ana jambo moja la kuhangaikia kuliko bei, nalo ni unyevu. Kuanzia Entebbe hadi Jinja tuko kando ya ziwa, mvua zinatujia mara mbili kwa mwaka, na kuvu wa lenzi hawahitaji mwaliko. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye ukaguzi na utunzaji, na mfupi kwenye majina makubwa. Ushauri wangu wote unaweza kuuweka hivi: unanunua mvukuto, shata (kilango kinachofunguka na kujifunga kuruhusu mwanga) na kioo. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko liangalie mwisho.

Hatua ya kwanza: chagua kipindi

Kuna vipindi vitatu, na kwa anayeanza havina faida sawa.

Cha kwanza ni cha kabla ya vita na wakati wa vita. Kazuo Tashima alianzisha kampuni yake mwaka 1928, na mwaka uliofuata ikatoa Nifcalette. Kampuni hiyo ndiyo tunayoijua kwa jina la Minolta. Olympus, iliyokuwa ikitengeneza hadubini kwa jina la Takachiho, ilitoa kamera yake ya kwanza, Semi Olympus, mwaka 1936. Konishiroku, waliokuja kuitwa Konica, wakatoa Semi Pearl mwaka 1938. Mamiya wakaingia sokoni mwaka 1940 na Mamiya Six. Hizi zina historia tamu, lakini lenzi zake hazikupakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Kwenye jua letu la saa saba mchana, ukielekeza lenzi upande wa mwanga kidogo tu, picha inakuwa nyeupe kama iliyopigwa ndani ya moshi. Zinunue ukishakuwa na kamera nyingine ya kutumia.

Cha pili ndicho ninachokipendekeza bila kusita: kuanzia mwaka 1946 hadi mwisho wa miaka ya 1950. Japani ilikuwa imeshindwa vita, viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vioo vya darubini za jeshi vilihitaji kazi nyingine, na kamera zilikuwa bidhaa ya kuuza nje. Utakutana na kamera au mkoba wa ngozi wenye maandishi kwamba umetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni. Alama hiyo ni ya kati ya mwaka 1947 na 1952, kwa hiyo inakusaidia kukisia umri bila kufungua kitabu. Fuji, waliokuwa watengenezaji wa filamu, walitoa kamera yao ya kwanza mwaka 1948, nayo ilikuwa ya kukunja: Fujica Six. Mashindano yalikuwa makali, na zaidi ya majina makubwa utaona Zenobia, First, Petri na mengine mengi ya karakana zilizokufa zamani. Usiyadharau. Baadhi yana lenzi nzuri na bei ya chini, kwa sababu tu hakuna anayeyatafuta.

Katika kipindi hiki, jifunze kwanza familia tatu.

Semi Minolta P ya mwaka 1951 ni nyepesi na haina mambo mengi. Lenzi yake ni Promar ya 75mm, f/3.5 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni pana). Haina kipima umbali. Unakadiria kwa macho, unazungusha lenzi hadi mita ulizokisia, unapiga. Inatoa picha 16 za sentimita 4.5 kwa 6 kwenye filamu moja. Hiyo ndiyo maana ya neno Semi kwenye kamera nyingi za Kijapani: nusu ya ile picha ya zamani ya 6 kwa 9.

Pearl za Konishiroku nazo ni za picha 16, zenye lenzi ya Hexar ya 75mm. Pearl II ina kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Pearl III ya mwaka 1955 imeboreshwa zaidi, na Pearl IV ya mwaka 1958 ndiyo kilele chenyewe. Pearl IV ni nadra na bei yake ni ya kuuza ng'ombe, kwa hiyo mtu akikuuzia moja kwa bei ya karanga, chunguza mara mbili kinachouzwa.

Mamiya Six ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na si kwa sababu ya sura. Kamera nyingine za kukunja husogeza lenzi ili kulenga. Hii husogeza filamu. Nyuma, pale kidole gumba kinapokaa, kuna gurudumu dogo; ukilizungusha, ubao unaobeba filamu unakwenda mbele na nyuma, na lenzi inabaki imetulia mahali pake. Kwa hiyo mbele pako imara, na mkono hauhangaiki kutafuta lenzi. Nyingi za baada ya vita zina lenzi ya Zuiko ya 75mm f/3.5 kutoka Olympus, na picha zake ni za mraba, 12 kwa filamu. Aina ya Automat ya mwaka 1955 inakaza shata yenyewe unaposogeza filamu, jambo ambalo kwenye kamera nyingine unalifanya kwa kidole.

Kipindi cha tatu ni cha karibu. Fuji GS645 ilitoka mwaka 1983 ikiwa na kipima mwanga ndani, na lenzi yake ni kali sana. Ubaya wake unajulikana duniani kote: mvukuto wa kiwandani uliharibika mapema. Usiinunue mpaka muuzaji akuonyeshe kwamba mvukuto umebadilishwa. Fuji GF670, iliyouzwa pia kwa jina la Voigtländer Bessa III, ni ya miaka ya karibu na 2009, na ni kifaa cha kazi zaidi ya cha kukusanya. Mwenye uwezo wake aendelee. Sisi wengine turudi kwenye miaka ya 1950.

Anza na Semi moja isiyo na kipima umbali. Filamu ya 120 hapa kwetu ni ghali, na picha 16 zinakupa nafasi ya kukosea mara nyingi zaidi kuliko 12. Ya pili iwe na kipima umbali. Kabla ya kununua ya tatu, hakikisha hizo mbili zimeshatoa picha.

Hatua ya pili: pa kuzipata

Hapa nchini zipo, ila zimejificha. Familia zilizokuwa na studio Jinja, Mbale au Kampala, wazee waliofanya kazi na wazungu wa misheni, watu wanaohama nyumba za zamani: hao ndio wa kuulizia. Sokoni Owino kamera huja kwa bahati, mara nyingi imefungwa pamoja na redio mbovu na saa za ukutani. Muuzaji atakuambia, "Ssebo, hii ni ya Japani yenyewe, haijawahi kuguswa na fundi." Mjibu kwa upole, "Ndiyo shida yake, boss. Naomba niifungue." Kamera iliyokaa miaka 60 bila kuguswa na fundi ina grisi iliyoganda.

Lakini nyingi zitatoka Japani kwenyewe, kupitia mnada wa Yahoo wa Japani au eBay. Mnada wa Japani hautumi moja kwa moja kwako; unatumia wakala kama Buyee au ZenMarket, anayenunua kwa jina lake kisha anakusafirishia. Yakumbuke maneno haya katika maelezo ya Kijapani, maana programu za kutafsiri huyavuruga: kabi ni kuvu, kumori ni ukungu ndani ya kioo, jabara ni mvukuto, na janku ni kitu kinachouzwa bila ahadi yoyote. Kamera ya janku si lazima iwe mbovu. Mara nyingi muuzaji hajui kuijaribu tu. Ila usinunue ya namna hiyo kama huna fundi.

Wauzaji wa eBay hupenda sifa za alama za kujumlisha na nyota. Zipuuze. Soma sehemu ya chini ya tangazo, pale wanapoeleza vioo, na omba picha mbili: moja ya lenzi ikimulikwa tochi kutoka nyuma shata ikiwa wazi, nyingine ya kona za mvukuto uliofunguka. Anayekataa kupiga hizo picha mbili amekwisha kukujibu.

Kuhusu kodi, piga hesabu kabla ya kubonyeza. VAT ni asilimia 18, na haihesabiwi kwa bei ya kamera peke yake. Nauli na ushuru wa forodha vinaingia pia. Mwambie muuzaji aandike thamani ya kweli na aweke ankara ndani ya kifurushi. Ujanja wa kuandika kwamba ni zawadi huishia kuchelewesha mzigo, na kikipotea huna cha kudai. Wengi wetu husubiri jamaa anayerudi kutoka Dubai au Nairobi abebe kamera kwenye mkoba wa mkononi, na kwa kitu chenye kioo na mvukuto hiyo ndiyo njia salama kabisa.

Hatua ya tatu: ukaguzi

Beba tochi ndogo yenye mwanga mkali, kitambaa cha miwani, na simu yenye video ya mwendo wa polepole. Basi.

Fungua kifuniko cha mbele taratibu huku ukikizuia kwa kiganja. Kikiruka kwa nguvu, spring inapiga mikono inayobeba lenzi, na ikirudiwa mara nyingi mikono hiyo inalegea. Kikishafunguka, shika ubao wa lenzi kwa vidole viwili na uutikise kidogo. Uwe umekaa kimya. Ukicheza, lenzi haiko sambamba na filamu, na upande mmoja wa kila picha utakuwa na ukungu. Hiyo mimi huiacha, hata ikiwa inang'aa kiasi gani.

Sasa mvukuto. Ingia chumba chenye giza kabisa. Ukiwa sokoni, omba kujifunika koti. Fungua mgongo wa kamera, ingiza tochi upande wa filamu, na angalia kwa nje, hasa kwenye kona za mikunjo. Kona ndiyo inayokunjwa na kukunjuliwa kila siku, kwa hiyo inatoboka kwanza. Utaona nukta za mwanga, mara nyingine ndogo kuliko ncha ya sindano. Mulika kila upande, ukiusogeza mvukuto kidogo kidogo, kwa sababu kuna matundu yanayojificha mkunjo ukiwa katika hali fulani. Nukta mbili tatu kwenye kona zinazibika. Zikiwa nyingi na kitambaa kimekauka hadi kinatoa sauti ya karatasi, unahitaji mvukuto mpya, na hiyo gharama iondoe kwenye bei.

Shata ya kamera hizi ina majani membamba ya chuma katikati ya lenzi. Ikaze kwa wenzo mdogo ulio juu yake, weka sekunde 1, bonyeza. Sikiliza. Inapaswa kuvuma kwa utulivu kisha kujifunga. Ikikwama katikati au ikisinzia, mafuta yamekauka kwenye magurudumu ya mwendo wa polepole. Kisha nenda kwenye kasi za juu. Tumia video ya fremu 240 kwa sekunde: elekeza simu kwenye lenzi mgongo ukiwa wazi, nyuma kuwe na mwanga, piga kwa 1/30, kisha hesabu fremu ambazo mwanga unaonekana. Ziwe kama 8. Kwa 1/60 ziwe kama 4. Ikitoka 12 pale palipotakiwa 8, shata imechelewa kidogo na filamu ya negativu itavumilia. Ikitoka 30, tafuta fundi. Usijaribu kipima muda cha kujipigia, ule wenzo mdogo mwekundu au wenye herufi V. Ndicho kinachokwama kwanza, na kikikwama kinaifunga shata nzima.

Weka B, bana kitufe ili shata ibaki wazi, fungua tundu la mwanga hadi mwisho, na mulika kutoka nyuma. Vumbi si neno. Mikwaruzo midogo ya mbele si neno. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni kuvu: nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi ya mpunga. Zikiwa pembeni na chache, zinasafishika. Zikiwa zimetanda katikati, huenda zimekwisha kula dawa ya juu ya kioo, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Cha pili ni ukungu, utando mweupe usio na umbo. Mwingi ni mvuke wa grisi ya zamani, na unafutika. Ila Zuiko kwenye baadhi ya Mamiya Six huwa na ukungu kwenye kioo cha nyuma ambao hautoki hata kwa dua. Ukikutana nao, nunua tu kama bei ni ya vipuri.

Kwa Mamiya Six kuna jambo moja la ziada, na ndilo linalowaponza wengi. Bamba la chuma linaloikandamiza filamu si sehemu ya mlango wa nyuma kama kwenye kamera nyingine. Linatoka. Watu wamekuwa wakilitoa na kulipoteza kwa miaka 70, na kamera isiyo nalo haiwezi kulenga sawasawa. Muulize muuzaji akupigie picha ya mgongo ukiwa wazi, bamba likiwa ndani.

Kipima umbali kijaribu kwa kitu cha mbali. Ukiwa katikati ya Kampala, mnara wa Msikiti wa Taifa pale Old Kampala unatosha: simama kilima kingine, weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, na picha mbili ndani ya kitundu zilale juu ya nyingine bila kuachana.

Hatua ya nne: fundi, na yale unayoweza kuyafanya mwenyewe

Mafundi wa kamera za filamu wamebaki wachache, lakini mafundi saa tunao, wamekaa kwenye vibanda vyao vya kioo barabarani. Shata ya majani ni jamaa wa saa: magurudumu madogo, spring, na mkono wa kutulia. Tafuta fundi mzee mwenye subira, mpelekee kwanza shata mbovu ya majaribio, na mweleze jambo moja kabla hajaanza. "Mzee, majani haya hayatakiwi mafuta hata tone." Fundi niliyemzoea alinijibu bila kuinua macho kwenye lupa yake, kile kioo cha kukuzia, "Kijana, saa nayo ukiimwagia mafuta inakufa. Nenda ukanywe chai." Alisafisha magurudumu kwa nafta, ile ya viberiti vya kujazwa, akaweka mafuta ya saa kwenye ekseli kwa ncha ya sindano, na majani akayaacha makavu.

Matundu ya mvukuto unaweza kuyaziba nyumbani. Chukua rangi nyeusi ya kitambaa inayobaki laini ikikauka, ipake kwa kijiti cha meno kwenye kona kwa ndani, tabaka jembamba, acha mvukuto umefunguliwa usiku mzima, kisha rudia. Gundi ya viatu iache: hukauka ngumu na kuvunja mkunjo. Silikoni nayo hunata mikunjo ikabaki imeshikana. Mvukuto uliokwisha kabisa mpelekee fundi wa mikoba ya ngozi, ukiwa na ule wa zamani kama kiolezo. Ngozi iwe nyembamba kabisa, na ndani iwe na kitambaa cheusi kisichopitisha mwanga.

Kuvu wa kioo cha mbele nao wanasafishika. Kabla ya kufungua kioo, chora alama mbili zinazolingana, moja kwenye pete ya kioo na nyingine kwenye mwili, lenzi ikiwa kwenye umbali wa mwisho. Bila alama hizo utapoteza ulengaji. Fungua, loweka pamba ya masikio kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, pitisha polepole, kausha kwa kitambaa cha miwani. Ukirudisha, hakikisha: bandika utepe wa gundi ule wa rangi ya maziwa kwenye reli za filamu, weka shata kwenye B ikiwa wazi, na tazama kwa lupa taswira ya ule mnara wa mbali ikitua juu ya utepe. Iwe kali. Kama si kali, zungusha kioo kidogo kidogo mpaka ikae sawa, ndipo ukaze skrubu za pete.

Hatua ya tano: kuzuia unyevu

Usihifadhi kamera ndani ya mkoba wake wa ngozi. Najua mkoba ni mzuri na una harufu ya zamani. Ngozi inanyonya unyevu na kuulisha kuvu. Mkoba ukae kabati jingine.

Nunua kontena za plastiki za chakula zenye mpira kwenye mfuniko, zile kubwa. Weka ndani silika jeli ya chembe za rangi ya chungwa na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia kati ya 40 na 50. Ikipita 60 kwa siku nyingi kuvu wanaamka. Ikishuka sana, mvukuto unakauka na kupasuka. Chembe zikigeuka kijani zimeshiba. Zikaushe kwenye oveni kwa joto la kama nyuzi 120 mpaka zirudi rangi yake. Mchele usitumie, una vumbi. Naftalini ya nguo usiikaribishe kabisa.

Kamera mpya iliyoingia ikae kontena yake peke yake mpaka ukaguzi uishe, hasa ikiwa na kuvu. Na kila mwezi zitoe zote, zifungue, piga kila shata mara kadhaa kwa kila kasi, ziache zipate hewa asubuhi kavu, kisha zirudishe shata ikiwa haijakazwa. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, kazi hii usiiruke.

Hatua ya sita: filamu na kupiga

Filamu ya 120 usitegemee kuikuta dukani. Agiza pamoja na wenzako ili mgawane nauli. Ya kujifunzia iwe nyeusi na nyeupe, Fomapan 100 kwa bei, au Ilford HP5 Plus kwa kuvumilia makosa. Ukipita uwanja wa ndege nayo, omba ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi zinaweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu.

Kamera nyingi zina dirisha jekundu mgongoni la kusomea namba kwenye karatasi. Filamu za zamani hazikuuogopa mwanga mwekundu; za leo zinauogopa. Liwe limefunikwa wakati wote, na unapozungusha simama kivulini. Kamera ya Semi yenye madirisha mawili usiishangae: namba 1 unaisimamisha dirisha la kwanza, unapiga, kisha namba ile ile unaipeleka dirisha la pili, unapiga tena, ndipo uende namba 2. Ukisahau, picha zinapungua hadi 8.

Zungusha filamu baada ya kufungua kamera, kamwe si kabla. Kifuniko kikifunguka, mvukuto unavuta hewa na filamu inatolewa mahali pake. Ukizungusha baadaye inajinyoosha tena.

Mwanga wetu ni rahisi kuupima. Jua kali bila wingu, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri: f/16, na kasi inayokaribia namba ya filamu. Filamu ya 100, basi 1/100. Kwenye uso wa mtu aliyesimama chini ya mwembe fungua tundu la mwanga hatua tatu, yaani hadi f/5.6. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe saa saba mchana ni mtihani wenyewe. Pima mwanga kwa uso, kanzu itajitegemea. Programu ya kupima mwanga kwenye simu inatosha kabisa, huna haja ya kununua kipimo.

Kusafisha filamu nyumbani si kazi kubwa: mfuko mweusi, tangi, dawa mbili, maji. Maagizo mengi yameandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba Kampala huwa na joto zaidi. Ama upoze dawa kwa kuitia chupa ndani ya beseni lenye barafu, ama upunguze muda. HP5 kwenye ID-11 (dawa ya Ilford ya kusafishia filamu) isiyozimuliwa inataka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 5 na robo. Mimi hupoza, kwa sababu muda mfupi sana huleta madoa.

Ukianza kuwa na kamera kadhaa, fungua daftari. Kila moja iwe na ukurasa: namba ya mwilini, namba ya lenzi, uliinunua kwa nani na kwa shilingi ngapi pamoja na kodi, fundi alifanya nini na lini, kasi zipi za shata zimechelewa na kwa kiasi gani. Bandika na picha moja iliyotoka kwayo. Siku ukitaka kubadilishana au kuuza, mnunuzi atasoma ukurasa huo kabla hajaigusa kamera.